Darini Kwanza, Pangaboi Baadaye

Watu wengi huniita wakishanunua pangaboi la pili. La kwanza linazunguka, la pili linazunguka, na chumba cha juu bado hakilaliki. Mwenye nyumba hunipandisha hadi ghorofa ya mwisho, akanisimamisha katikati ya chumba na kusema, "Fundi, hebu lisikie joto hili." Mapangaboi siyaangalii. Natafuta kwanza pa kupandia darini.

Mimi ni fundi wa mapaa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kazi nilifunzwa na ami yangu, aliyeanza kuwa seremala wa milango akaishia kwenye mapaa, maana mlango mzuri ukishatiwa umetiwa, lakini paa huvuja kila masika. Kwa muda mrefu kazi yetu ilikuwa kuziba: msumari uliolegea, bati lililotoboka, ufa baina ya bati na ukuta. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzibua. Nyumba nyingi za mawe ninazoitiwa joto hazijapungukiwa na kitu cha kununua dukani. Zilikuwa na njia za hewa tangu zamani, na njia hizo zimezibwa moja baada ya nyingine na watu wenye nia njema, kila mmoja kwa sababu yake.

Mgeni wa nyumba hizi lazima kwanza aelewe paa lake lilivyo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na pengine zaidi. Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, mita mbili na nusu, tatu kwa bahati. Juu ya boriti vikapangwa vipande vya mawe, ikamwagwa chokaa na kokoto, ikapigiliwa mpaka ikashikana. Ghorofa zote zilitengenezwa hivyo, na paa la mwanzo lilikuwa sakafu hiyo hiyo, bapa. Masika yalipolizidi nguvu likaanza kupasuka na kuvuja. Mabati yalipoanza kuletwa kwa meli katika karne ya 19, watu wakasimamisha kenchi juu ya sakafu ya zamani na kuezeka. Sakafu haikubomolewa, nani abomoe kitu kizito kiasi kile juu ya kichwa chake? Ikabaki chini, bati likaja juu, na baina yao ukapatikana uwazi ambao mtu mzima hupita kwa kuinama.

Bati lenye kutu, mchana wa Februari, linaweza kupita nyuzi 60. Hewa iliyo chini yake si ajabu kuikuta kwenye 45. Lakini kinachomwamsha mtu usiku ni ile sakafu. Chokaa na mawe ni vitu vizito, vinapokea joto polepole mchana kutwa, na vikishalipata haviliachii upesi. Darini kilele cha joto ni alasiri. Chumbani chini yake kilele huja baada ya isha, saa tatu, saa nne ya usiku, wakati nje kumeshapoa na juu ya paa unavuma upepo mzuri. Mtu ametoka barazani akiwa hana tatizo, anapanda kulala, anakutana na joto la mchana lililochelewa kufika. Anawasha pangaboi. Pangaboi halipozi hewa, linaipeleka tu mwilini ili jasho likauke, na hewa linayoivuta ni ile iliyogusa dari yenye moto. Ndiyo maana watu husema linawapulizia joto, na wanaosema hivyo hawasemi uongo.

Kwa hiyo kazi iko juu: mchana hewa ya darini isikae mpaka ikaichoma sakafu, na usiku sakafu ipate pa kutolea joto lake kwa upande wa juu badala ya kulitolea kitandani. Yote mawili yanataka hewa ipite. Na hewa haipiti kwa tundu moja. Kopo la mafuta ya kupikia likitobolewa mara moja mafuta hutoka kwa kusitasita. Toboa la pili upande wa pili, yanamiminika. Hili kila mtu analijua jikoni, akipanda darini analisahau. Nimeona paa lenye kile kidude cha bati cha mviringo, kinachozungushwa na upepo ili kivute hewa ya moto itoke kileleni. Kimetiwa juu kabisa, kinazunguka vizuri, na ukingoni mwa paa kote pamezibwa kwa mbao. Hewa ya kuingia mahali pa ile inayotoka itatoka wapi? Ilikuwa inatoka vyumbani, kupitia nyufa za silingibodi na matundu ya taa. Mwenye nyumba alikuwa na kiyoyozi chini. Kila shilingi ya umeme aliyoilipia ubaridi ilikuwa inapanda darini na kutokea kwenye kidude chake.

Nyumba iliyonifundisha kuuliza maswali kabla ya kushika nyundo iko Kiponda. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, Bi Mkubwa ambaye mtaa mzima umepita mikononi mwake, na bado huwasahihisha watu wazima wanapozungumza. Nilipomwamkia na kukaa, sikumuuliza joto limekaaje. Nilimuuliza nani alikuwa akilala chumba cha juu zamani.

"Mama yangu," akasema. "Kaskazi ikianza alikuwa hashuki. Anasema huko ndiko kwenye upepo."

"Na mlianza lini kukikimbia?"

Hapo akanyamaza kidogo, akahesabu kwa matukio ya nyumba, harusi hii, msiba ule, mpaka akafika kwenye mwaka ambao mtoto wake aliyeko Maskati alituma pesa za kutengeneza paa. Mabati mapya, fisha bodi mpya zimezunguka pande zote, plaiwudi chini ya ukingo wa paa ili pasionekane mapau, na silingibodi nyeupe chumbani ili boriti zisionekane. Kazi safi. Nimeikagua na sina la kumlaumu fundi aliyeifanya. Aliambiwa apendezeshe, akapendezesha.

Darini kwa Bi Mkubwa nilitandika mbao mbili ndefu zilizolala juu ya boriti kadhaa kwa pamoja. Nyumba hizi hazipandwi kwa kukanyaga ovyo: uzito wa mtu mmoja ukiangukia katikati ya boriti iliyobunguliwa unaweza kumshukia aliyelala chini. Nikazima tochi, nikasubiri macho yazoee giza. Hiki ni kipimo changu cha kwanza na hakigharimu kitu. Darini penye afya utaona mstari wa mwanga ukingoni, na mwanga mwingine kule juu kwenye mwamba wa paa au kwenye kidirisha cha ukuta wa ncha. Hapa niliona matundu ya misumari tu.

Nikawasha tena na kuanza kutambaa. Ukingoni plaiwudi ilikuwa imepigiliwa bila kuachwa ufa wowote. Juu ya ukuta, pale mikunjo ya bati inapoacha vijiuwazi, pametiwa saruji kila kimoja, kwa mkono wa mtu mwenye subira kubwa. Kwenye ukuta wa ncha, upande wa kaskazini, palikuwa na kidirisha cha mbao zilizokatwa nakshi, kazi ya zamani, ndugu ya ile unayoiona kwenye ukingo wa nyumba nyingi za Kihindi za hapa mjini. Dispensari ya Kale iliyoko ufukweni, iliyokamilishwa 1894, imepambwa kwa mbao za namna hiyo tangu juu hadi chini. Kwa nje bado kilikuwa kinapendeza. Kwa ndani kilikuwa kimepigiliwa kipande cha bati, kwa sababu ya kunguru. Hawa kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na tangu hapo wameziba madirisha mengi kuliko saruji. Mbele ya bati hilo limesimamishwa godoro kuukuu, masanduku mawili, kitanda cha mtoto, na madumu matupu yanayosubiri siku yao.

Nikaomba chetezo.

Nina vipimajoto, na nimeshaona mafundi wa kizungu wana vijisindano vya moshi vya kupimia hewa. Mimi natumia ubani. Moshi wake ni mzito, mweupe, unaonekana hata kwa tochi dhaifu, na kila nyumba hapa unapatikana. Chetezo nakiweka ndani ya bati la mchanga, maana darini kuna vumbi na viota vikavu, na moto wa darini hauna mchezo. Ilikuwa alasiri, kaskazi inavuma, nguo zilizoanikwa paa la jirani zinapepea. Moshi ulipanda hadi chini ya bati, ukatawanyika, ukasimama hapo hapo. Nikang'oa lile bati la kidirishani. Upepo ukaingia, na moshi wote ukanirudia machoni, kwa sababu umepata pa kuingilia lakini pa kutokea hakuna. Hewa ya darini ilijisukuma, ikajaa, ikakataa kusogea. Nikatambaa upande wa kusini nikafungua kipande kimoja cha plaiwudi, urefu wa mkono. Kabla sijageuka moshi ulikuwa umeshajua njia. Ulilala, ukanipita begani, ukaenda kutokea pale nilipofungua.

Kutoka chini nikasikia, "Fundi, huko unafukiza au unapunga?"

"Napunga, Bi Mkubwa. Huyu alikuwa kakosa mlango tu."

Ukubwa wa matundu ni hesabu ambayo watu huitilia chumvi. Kanuni inayotumika Marekani, na ambayo mafundi wengi tumeichukua, inasema jumla ya uwazi halisi wa kupitisha hewa iwe sehemu moja ya 150 ya eneo la sakafu ya darini. Na inaruhusu ipungue hadi moja ya 300 kama matundu yamegawanywa vizuri, mengine chini na mengine juu. Tuchukue dari ya mita 12 kwa 5. Eneo ni mita za mraba 60, na moja ya 150 yake ni 0.4. Nusu iende chini, yaani 0.2, igawanywe kwenye kingo mbili zenye jumla ya mita 24: unapata ufa usiofika sentimita moja. Watu hushangaa. Wanadhani nitawaachia paa wazi, kumbe natafuta ufa wa kidole. Kwa vitendo naacha vidole viwili vitatu, kwa sababu wavu unakula uwazi, na vumbi litakalokaa kwenye wavu litakula mwingine. Tena kanuni ile imetungwa kwa nchi za baridi, shabaha yake kubwa ni unyevu unaopanda kutoka ndani ya nyumba. Sisi tunapigana na jua. Kwa hiyo kwangu hicho ni kiwango cha chini, na penye nafasi nazidisha.

Wavu nautumia wa waya wenye matundu ya milimita 6. Unamzuia panya, unamzuia popo, kunguru hata hafikirii. Wateja wengi hudai wavu wa mbu. Nawakatalia. Wavu wa mbu darini hupunguza hewa karibu nusu tangu siku ya kwanza, na baada ya msimu mmoja umejaa vumbi na utando wa buibui, umekuwa ukuta. Mbu azuiwe chumbani, kwenye dirisha na kitandani.

Juu, kwenye mwamba, ndipo hewa inapotokea. Kofia ya bati iliyokandamizwa juu ya mabati huwa imefunga kila kitu. Naiinua kwa vipande vya mbao mbili kwa mbili vilivyopangwa kwa nafasi, natia wavu pande zote mbili, na kofia yenyewe naitaka pana zaidi ya ile ya kawaida ili ishuke na kuufunika uwazi kwa mbali. Ncha za mabati chini ya kofia lazima zikunjwe kuelekea juu. Mkunjo huo mdogo ndio unaotenganisha paa linalopumua na paa linalovuja, kwa sababu mvua ya masika haishuki wima. Inakuja na kusi, inapanda bati kuelekea kileleni kwa kusukumwa, na ikikuta ncha imelala bapa inaingia. Nimeona mafundi wakiinua kofia, wakasahau mkunjo, mvua ya kwanza ikaingia, na mwenye nyumba akaapa hatasikia tena habari ya matundu. Kidirisha cha ukuta wa ncha nacho kina sharti lake: mbao zake zilale mshazari na zipitane, kiasi kwamba ukiwa ndani usiweze kuona mbingu, na kizingiti cha chini kiteremke kuelekea nje.

Mapaa ya hapa mjini hayana mteremko mkali. Toka ukingoni hadi mwamba pengine ni mita moja na nusu ya kimo, na hewa ya moto ikitegemea kupanda kwake tu, bila upepo, itatoka taratibu sana. Bahati yetu ni upepo. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, chini huwezi kusikia chochote, lakini juu ya mapaa kuna kaskazi toka Disemba mpaka Machi, na kusi baada yake kwa miezi mingi. Miezi ya joto kali ndiyo miezi ya kaskazi. Kwa hiyo nikipewa hiari ya tundu moja la kuanzia, nalifungua kaskazini, na la kutokea kusini magharibi, na lile la kusini nalikinga na mvua kwa uangalifu zaidi.

Hiari yenyewe si kubwa. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na kabla ya kugusa sura ya nyumba unatakiwa upate kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mafundi wenzangu hulalamikia jambo hili. Mimi limenisaidia. Kutoboa tundu jipya linalotazama njia ni maneno mengi. Kufungua kidirisha cha nakshi kilichozibwa kwa bati ni kuirudisha nyumba ilivyokuwa, na hilo halina mtu wa kulipinga. Nimejizoeza kutafuta kwanza kile nyumba ilichokuwa nacho. Mara tisa katika kumi kipo, nyuma ya kabati, nyuma ya rangi, nyuma ya saruji.

Na si darini peke yake. Nyumba hizi zilikuwa na uwazi wa kati, ua wa ndani unaotazama mbingu, na hewa ya vyumba vyote ilitokea huko. Mvua ikinyesha ua unalowa, ndiyo, na ndiyo maana watu wakauezeka kwa mabati ya plastiki. Nyumba ikishaezekwa ua wake imefungwa mdomo. Nikiitwa siuondoi ule mfuniko, maana hakuna atakayekubali kulowa tena. Nauinua nusu mita juu ya kuta kwa miguu ya chuma, pande zote nne wazi, na ukingo wake unatokeza nje ya ukuta. Mvua haiingii, hewa inatoka. Vivyo hivyo kwenye nyumba walizogawana wapangaji wengi, ambako kila chumba kirefu kimekatwa kwa plaiwudi mpaka juu. Shusha plaiwudi shibiri mbili kutoka darini, utie nakshi au wavu. Faragha imebaki, upepo umepita. Wazee walifanya hivyo juu ya milango, vidirisha vya nusu duara ambavyo leo vimetiwa kioo na gundi.

Hoteli ndizo zinazonitia uchungu. Kuna moja, jina nalihifadhi, niliyoitiwa "harufu" ghorofa ya juu. Vyumba vilikuwa vizuri, vitanda vya samadari, maua juu ya mashuka. Darini nikakuta mabomba ya feni za bafuni, kila bafu na bomba lake, yote yameishia mle mle: mvuke wa maji ya moto ya wageni, asubuhi na jioni, ukimwagwa juu ya boriti za mikoko. Vichwa vya boriti, pale vinapoingia ukutani, ndivyo vinavyooza mwanzo, kwa sababu huko hakuna hewa kabisa. Hapo palikuwa pameota kuvu jeupe. Niligonga kwa nyundo, ikajibu sauti butu. Nikasukuma bisibisi, ikaingia mpaka mpini. Upande wa nje ukuta ulikuwa umepigwa lipu ya saruji ili uonekane mpya, na saruji haiachi unyevu utoke namna chokaa inavyouacha, kwa hiyo boriti ilikuwa inanyeshewa kwa ndani na kufungiwa kwa nje. Na ule uwazi wa kati, ambao ungeweza kuokoa kitu, ulikuwa umejaa mashine za viyoyozi zikipuliza joto mahali ambapo vyumba vyote vinategemea kupumua. Meneja aliniuliza kama naweza kupuliza dawa ya harufu.

Kuna jingine linalowachanganya watu: maji yanayodondoka alfajiri wakati mvua haijanyesha. Usiku wa anga safi bati hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Hewa hiyo ikisimama chini ya bati, bati linatoka jasho. Utakuta matone yamejipanga kwenye kila mkunjo, yanateremka mpaka kwenye pau, yanadondoka. Watu hunipigia simu wakidhani bati limetoboka, na wapo waliokwisha badili paa zima kwa ajili hiyo. Hewa inayotembea haiufuti unyevu wa bahari, lakini jua likichomoza huyakausha matone mapema, kabla mbao hazijanywa. Mbao iliyolowa na kukauka kila siku huishi. Iliyolowa na kubaki imelowa, mchwa na kuvu hawahitaji kualikwa.

Nilitaja popo, niseme na hilo. Darini kwingi wapo, na mara nyingi ndio wametumia tundu la mwisho lililobaki. Usiwafungie ndani, watakufa, watanuka, na ukiwa msimu wa kunyonyesha utawaacha watoto wao humo. Keti nje wakati wa magharibi uone wanatokea wapi, waachie mlango wa kitambaa unaofungukia nje tu, wakishatoka wote ndipo upige wavu. Kinyesi chao usikifagie kikavu hata kwa dakika moja. Vumbi lake linaweza kubeba vijidudu vya kuvu vinavyoyagusa mapafu unayoyategemea kwa pumzi. Kinyunyizie maji kwanza, vaa barakoa ya maana, kitie kwenye mifuko. Ami yangu hakuwahi kuvaa barakoa, na kikohozi chake tulikizoea kuwa ni cha uzee.

Sitaki mtu adhani matundu yanamaliza yote. Sehemu ya joto la bati inashuka kwa mionzi, haingoji hewa, na dhidi ya hilo upepo hausaidii sana. Bati likipakwa rangi nyeupe linarudisha jua jingi, tofauti unaisikia kwa kiganja. Karatasi ya alumini iliyotandazwa chini ya mapau inasaidia pia, mradi kuwe na nafasi ya hewa baina yake na bati na isizibe ufa wa ukingoni, maana nimeikuta imeteremshwa mpaka ukutani na kupigiliwa. Nisichokikubali ni lile povu la kupulizia linalogeuka gumu. Linapoza, sikatai. Lakini linafunika kenchi, linafunika misumari, na paa likianza kuoza utalijua siku litakapokuangukia. Kwenye nyumba mpya ya matofali fanya utakavyo. Kwenye nyumba ya boriti, kitu nisichoweza kukiona siwezi kukitunza.

Kwa Bi Mkubwa tulifungua kidirisha, tukatoa plaiwudi ukingoni na kuweka ufa wenye wavu, tukatindua ile saruji ya mikunjoni, tukainua kofia. Silingibodi ya chumbani mwenyewe aliamua itoke, akataka azione boriti za mama yake. Godoro na madumu yakateremshwa kwa kamba, na majadiliano ya nini kitupwe yalichukua muda mrefu kuliko kazi ya seremala. Joto bado lipo, Februari ni Februari. Lakini chumba kinapoa mapema usiku na mjukuu wake analala huko. Kila mwaka kabla ya kaskazi napanda na brashi kusafisha wavu, na hiyo ni kazi ambayo hakuna mteja anayeikumbuka mpaka aikumbushwe.

Sasa limetokea jambo. Jirani wa upande wa kaskazini ameanza kupandisha ukuta, anasema ni ghala la juu tu. Ukifika pale unapoelekea, kidirisha chetu kitatazamana na mawe kwa umbali wa mkono mmoja. Nimepanda na chetezo, moshi bado unapita lakini umeshaanza kuzunguka kabla ya kutoka. Tumekubaliana na Bi Mkubwa tufungue upande wa uani, ambako chini ya lipu nimegonga pakalia uwazi. Ombi la kibali tumeshalipeleka. Mazungumzo na jirani amesema atayafanya yeye mwenyewe. Alimfundisha darasa la nne.